Sura ya Saba: Kabla ya Kamba na Kidonge

Familia nyingi za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hazimpeleki mzee hospitali kwa sababu anasahau. Kusahau kunahesabiwa pamoja na mvi na magoti mabovu. Kila mtu anakutarajia, na hakuna anayekuitishia kikao. Kikao cha ukoo huitishwa pale bibi anapoanza kumwita mkwe wake mwizi mbele ya wageni, anapokataa kuoga wiki nzima, anapotoka usiku wa manane akakutwa mlangoni kwa jirani, au pale babu aliyekuwa mpole maisha yake yote anapomrushia mjukuu fimbo. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wengine husema amelogwa, wengine kwamba yeye ndiye mlozi, wengine kwamba ni kichaa cha uzeeni au mapepo. Kila jina huja na hatua yake: mzee hufungwa kamba au kufungiwa chumbani, hupelekwa kwa mganga au kwenye maombi, au huombewa zahanati kidonge cha kumlaza. Hatua hizo zinatofautiana kwa mengi, ila zote zinaruka swali moja: kabla ya tabia hiyo kuanza, kulitokea nini? Hoja yangu katika sura hii ni kwamba swali hilo ndilo tiba ya kwanza, kwamba jibu lake mara nyingi liko ndani ya uani wenyewe, na kwamba mtu asiyejua kusoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya dawa anaweza kulipata.

Tabia si nyongeza tu ya ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu, ambao madaktari huuita demensia. Ndizo zilizoifanya aina yake iliyo ya kawaida zaidi ijulikane. Novemba 1901 mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Kusahau hakukuwa peke yake: alikuwa akimwonea mumewe wivu usio na msingi, anaficha vitu nyumbani, anapiga mayowe, halali. Daktari Alois Alzheimer alizungumza naye siku baada ya siku, na alipofariki Aprili 1906 akauchunguza ubongo wake. Novemba mwaka huohuo aliwaeleza wenzake mjini Tübingen alichokiona kwa darubini. Ukiondoa jina la mji na lugha, malalamiko ya yule mume ni yaleyale yanayosikika Makere au Kakonko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania kipimo kinachotegemewa zaidi ni cha wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako utafiti wa mwaka 2010 uliwakuta nao watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Hesabu ya Hai haiwezi kuhamishiwa Kibondo kama ilivyo, kwa kuwa umri, lishe na shinikizo la damu havilingani kila mahali. Ila hakuna sababu ya kudhani kwamba ubongo wa Mha wa Kigoma unachakaa kwa njia tofauti na wa Mchaga wa Hai.

Kinachochakaa kwanza, katika aina iliyo ya kawaida zaidi, ni uwezo wa kuhifadhi jambo jipya. Alichoambiwa asubuhi hakipo saa sita. Baadaye hufuata uwezo wa kupata neno, wa kupima umbali, wa kutambua kwamba kivuli ukutani ni kivuli. Vinavyobaki kwa muda mrefu zaidi ni hofu, aibu, njaa, maumivu, na uzoefu wa mwili wa mambo yaliyorudiwa maelfu ya mara. Ndiyo maana mzee anayeshindwa kutaja jina la mwanawe anaweza kukupokea kwa salamu ndefu za Waha, makofi yake na yote, bila kukosea hata hatua moja. Na ndiyo maana mgeni wa dakika kumi huondoka akisema mzee hana tatizo, walezi wanapiga chuku. Mtu mwenye hofu isiyo na maneno na maumivu yasiyo na jina atayatoa kwa njia iliyobaki: atapiga, atakimbia, atakataa, atalia. Mwingereza Tom Kitwood alilijengea jambo hili hoja nzito katika kitabu chake cha mwaka 1997, akisema kwamba mwenendo wa mgonjwa hautokani na ubongo peke yake bali pia na jinsi watu wanavyomtendea. Mwaka 2014 madaktari na watafiti wa Marekani, Helen Kales, Laura Gitlin na Constantine Lyketsos wakiwemo, waliugeuza mtazamo wa namna hiyo kuwa utaratibu wa kazi: ieleze tabia kama ilivyotokea, chunguza kilichoisababisha, buni jambo la kujaribu, kisha pima kama limefaa. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayohitaji mashine.

Chukua tuhuma ya wizi, maana ndiyo inayovunja nyumba nyingi kuliko zote. Bibi amefunga noti zake kwenye pindo la kanga. Anaogopa zitapotea, anazihamishia chini ya godoro, kisha ndani ya gunia la maharage. Kesho yake pindo ni tupu. Kumbukumbu ya kuzihamisha haikuingia kabisa, kwa hiyo hawezi kuitafuta. Kilichopo ni pindo tupu na akili ambayo bado inafanya kazi ya kutafuta sababu. Sababu inayoelekea zaidi ni mwizi, na mtu anayeingia chumbani mwake kila siku ni mkwe wake, yuleyule anayemwogesha na kumlisha. Anayehudumia zaidi ndiye anayeshukiwa zaidi. Mkwe akijitetea, anathibitisha ugomvi; mume akiingilia kwa kumkemea mama yake, bibi anajua sasa wawili wamemlia njama. Kinachofaa ni kutafuta naye, kwa sauti ya mtu aliyekubali kwamba hasara ni hasara, na kuyajua maficho yake matatu au manne ili pesa zionekane mapema. Wengine humwekea kitambaa kingine chenye sarafu kadhaa, akikosa hiki apate kile. Ni jambo dogo, na mkwe aliyekwisha kuelewa kwamba tuhuma ile ni dalili, sawa na kikohozi kilivyo dalili, anaimeza vizuri zaidi kuliko mkwe anayeamini kwamba anachukiwa.

Chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni mwili. Mwaka 2011 Bettina Husebo na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa katika nyumba 18 za kutunzia wazee nchini Norway, likiwahusisha wagonjwa 352 wenye demensia na fujo. Nusu walipewa tiba ya maumivu kwa wiki nane kwa utaratibu maalumu, wengi wao wakipewa parasetamoli tu. Nusu wakaendelea kama kawaida. Fujo zilipungua kwa kiasi cha asilimia 17 kwa waliotibiwa maumivu. Hao ni wazee wa Norway, walioishi karibu na daktari. Fikiria sasa mwanamke wa Heru Juu au Kifura aliyelima kwa jembe la mkono miaka 60, mtelemko juu mtelemko chini, akibeba kuni na maji kichwani. Mgongo unauma, nyonga inauma, jino limeoza, choo hakijatoka siku nne. Anapoinuliwa ghafla ili akaogeshwe na maji ya baridi, anapiga. Familia inaona mtu mkali asiyetaka kuoga. Ukweli ni kwamba mkono wake ndio uliobaki kusema kwamba bega linauma. Panadol nusu saa kabla ya kuoga, maji ya uvuguvugu, kanga mabegani ili asijione uchi mbele ya mtoto wake, na kuanza na miguu badala ya kichwa, vimemaliza vita vya kuoga katika nyumba nyingi bila kuhitaji jina lolote la ugonjwa.

Kuna tofauti moja hapa ambayo haifai kuchezewa. Demensia hutembea polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa hivi juzi na leo amekuwa mwingine kabisa, anaona watu wasiokuwepo, haamki vizuri au hatulii, huyo anaumwa kitu kipya: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kukaukiwa maji, sukari. Kwa wazee homa inaweza isionekane kabisa, na mvurugiko wa akili ukawa ndiyo dalili pekee. Huyo hapelekwi kwenye kikao. Anapelekwa zahanati siku hiyohiyo, akapimwe damu na mkojo. Na akifika na dawa alizokuwa akimeza, zote ziwekwe mezani. Piriton aliyopewa kwa mafua, promethazine ya kuwashwa, amitriptyline ya usingizi, kila moja inaweza kumvuruga zaidi mtu ambaye ubongo wake tayari umepungukiwa. Nimewahi kusoma kurasa nyingi za ushauri kwa walezi zilizojaa upendo na subira bila kutaja Piriton hata mara moja. Subira haiondoi sumu ya kidonge.

Jioni nayo ina mambo yake. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini inafuata saa ya taifa, kwa hiyo jua huzama karibu saa moja, na giza linaingia wakati uleule ambao nyumba imechachamaa: mbuzi wanarudishwa, watoto wanagombania maji, jikoni moshi umejaa, kila mtu amechoka. Mzee mwenye mtoto wa jicho anaona nusu ya vitu. Kibatari kinacheza na vivuli vinaongezeka ukutani. Kwa nini asione watu? Kama amelala mchana kutwa kwenye mkeka kwa sababu wote wameenda shamba, usiku hana usingizi wa kulala. Taa ya sola iwashwe kabla ya giza, si baada yake. Mzee akae mbali na purukushani za jikoni. Na mchana apewe kazi. Ungo wa maharage, ambayo Kasulu na Kibondo hayakosekani, unatosha: achambue mawe, atenganishe ya njano na mekundu. Akimaliza, kama ni lazima, yachanganywe tena bila yeye kuona. Wapo watakaosema huo ni utani na mtu mzima. Lakini mikono iliyochambua maharage miaka 60 inajua inachofanya, na mtu anayefanya analolijua hana sababu ya kusimama kila dakika akiuliza yuko wapi.

Kisha liko lile la kutaka kwenda nyumbani. Mzee yuko nyumbani kwake, ameketi barazani kwake, anachukua fimbo na kusema anakwenda nyumbani. Akizuiwa anapigana. Katika wilaya hizi maneno hayo yana historia ambayo daktari wa Ulaya hawezi kuijua. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya kutawanyika, wakawekwa kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Mtu aliyezaliwa mwaka 1942 alikuwa na miaka 30 wakati huo. Alikuwa ameshajenga, ameshaoa, ameshazika wazazi wake kwenye migomba ya kule juu. Ugonjwa huu hula kumbukumbu kuanzia za karibu kwenda za mbali, kwa hiyo siku inafika ambapo kijiji cha leo kinafutika na mji wa zamani unabaki. Anakotaka kwenda ni mahali halisi. Alichokosea ni mwaka. Wengine watataka kwenda mbali zaidi, kwa sababu Uha ilikuwa chimbuko kubwa la manamba wa mashamba ya mkonge, na kijana wa wakati ule alisafiri hadi Tanga. Familia inayojua mahame yake yako upande gani ina faida mbili: inajua pa kumtafuta akipotea, na ina la kuzungumza naye. Kumwambia kwamba nyumba ile ilibomolewa zamani hakusaidii. Kumuuliza nani alikuwa jirani wa upande wa mtoni kunasaidia, na mara nyingi kutembea naye robo saa kisha kurudi kwa njia nyingine kunamaliza safari. Walio karibu nao waambiwe: mwenye duka, vijana wa bodaboda kituoni, watoto wanaochunga. Kufuli la mlango ni la mwisho, maana nyumba ikishika moto, aliyefungiwa hatoki.

Katika kambi za wakimbizi jambo hili ni zito zaidi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea Wakongo tangu 1996; Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi; Mtendeli ya Kakonko ilifungwa mwishoni mwa 2021 na watu wake wakahamishiwa Nduta. Kwa mtu mwenye demensia kila kuhama ni kuanza upya bila chombo cha kuanzia. Nyumba za kambini zinafanana, njia zinafanana, na alama pekee anayoweza kuitumia ni ile ambayo familia imeiweka kwa makusudi: kitambaa chekundu mlangoni, kiti chake kikae mahali palepale kila siku. Lugha nayo inarudi nyuma. Mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani anaweza kubaki na Kibembe au Kirundi peke yake, na Mha wa Kasulu akabaki na Kiha. Muuguzi kutoka mkoa mwingine anayemwamuru kwa Kiswahili akaona hatii, amwite kwanza mtu wa kumsemesha kwa lugha yake kabla ya kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mbishi.

Nimefika kwenye uchawi, na hapa hoja ya kutafuta chanzo haiwi tena suala la raha ya familia. Tazama mambo ambayo ugonjwa huu humfanyisha mtu: kutoka usiku, kutembea bila nguo, kusema peke yake, kusimama mlangoni kwa jirani alfajiri, kuficha vitu, kutaja waliokufa kana kwamba yuko nao. Ni karibu orodha nzima ya yale ambayo mlozi hushtakiwa. Mchumi Edward Miguel, katika utafiti wake wa wilaya ya Meatu uliochapishwa mwaka 2005, alionyesha kwamba mauaji ya walioitwa wachawi, wengi wao wanawake wazee, yaliongezeka maradufu katika miaka ya mvua kuzidi au kukosekana kabisa. Njaa ilitafuta mtu wa kubebeshwa. Meatu si Kasulu, lakini mkoa wa Kigoma nao unawajua kamchape, wanaoitwa pia lambalamba, wanaokwenda kijiji kwa kijiji kufichua walozi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtangaza mtu kuwa mchawi. Sheria hiyo, hata hivyo, haina mguu wa kufika kitongojini usiku. Kinachofika ni maneno ya familia. Nyumba inayoficha ugonjwa wa bibi kwa sababu ya aibu inamwacha bila maelezo siku mtoto wa jirani atakapokufa. Nyumba iliyokwisha kumweleza mwenyekiti wa kitongoji, baraza la wazee, padri, mchungaji au shehe kwamba mama ana ugonjwa wa ubongo, anatembea usiku, mkimwona mrudisheni, imeshajibu swali kabla halijaulizwa. Siwacheki wanaomwendea mganga. Mahojiano ya Hai yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wapo wanaoueleza ugonjwa huu kwa laana au ulozi, na wapo wanaouona kuwa uzee tu. Mganga, tofauti na zahanati nyingi, angalau anauliza ilianza lini na nani alikuwepo. Kosa lake ni kutafuta mwenye hatia mahali palipotakiwa kutafutwa sababu.

Pingamizi la kwanza, na la haki, ni la mikono. Nani mwenye muda wa kuchunguza maharage na vivuli wakati mvua za Novemba zimeanza na shamba halijapandwa? Mlezi kwa kawaida ni mwanamke mmoja, mwenye watoto wake, na mume aliye Kigoma mjini au Dar es Salaam akituma pesa pale anapoweza. Sikatai. Ninachokataa ni hesabu inayosema kwamba kutochunguza kunaokoa muda. Usiku tatu za kumkimbilia mzee porini zinakula siku tatu za kulima. Lakini ni kweli pia kwamba uchunguzi hauwezi kubebwa na mkwe peke yake. Huko Goa, India, Amit Dias na wenzake walichapisha mwaka 2008 jaribio la familia 81, ambamo watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi walizitembelea familia, wakizifundisha kuuelewa ugonjwa na kukabili tabia ngumu. Dhiki ya walezi ilipungua waziwazi. Tabia zenyewe zilielekea kupungua, ila si kwa kiwango ambacho takwimu zingeweza kukithibitisha. Matokeo hayo yanaeleza wazi kitu cha kutarajia: kazi hii haimrudishi mzee wa zamani, inampunguzia mlezi mzigo mpaka aweze kuendelea. Kwetu, Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita kaya kwa kaya kuangalia wajawazito, watoto, kifua kikuu. Kuwaongezea swali la kuuliza kuhusu mzee wa nyumba, na ziara moja kwa mwezi, hakudai jengo wala mashine. Na ukoo wenyewe una wajibu ambao pesa ya simu hailipi: mtoto aliye mjini aje akae usiku wa wiki mbili, mlezi alale.

Pingamizi la pili ni la wanaosema kwamba ushahidi huu wote umetoka kwenye nyumba za wazee za Ulaya. Si wote. Goa si Ulaya, na Hai iko hapahapa. Aimee Spector na wenzake jijini London walitunga mazoezi ya vikundi ya vipindi 14 vya kuchangamsha akili kwa mazungumzo, nyimbo, vitu vya kushika na kukumbuka ya zamani. Stella-Maria Paddick na wenzake waliyarekebisha yafae Tanzania na kuyajaribu Hai kwa wagonjwa 34, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kumbukumbu iliboreka kiasi, wasiwasi ukapungua, na tabia ngumu pia zikapungua. Watu 34 ni wachache, na sitaki kuwabebesha zaidi ya wanachoweza. Lakini wanatosha kujibu dai kwamba mzee wa kijijini asiyesoma hawezi kunufaika na chochote ila sindano.

Pingamizi la tatu ni la heshima, na kwa Waha halina mzaha. Bibi akiuliza mumewe yuko wapi, na mumewe alifariki miaka kumi iliyopita, je, tumdanganye mama mzazi? Wengine huona ni afadhali ukweli kila mara. Tatizo ni kwamba kila mara anausikia kwa mara ya kwanza; anafiwa asubuhi, anafiwa mchana, anafiwa jioni, na hakuna matanga ya kumfariji. Kati ya kumuua yule mume tena na kumtunga hai upo uwanja mpana wa maneno. "Unamkumbuka baba, mama? Alipenda nini?" Hapo hakuna uongo. Analolitafuta anayeuliza mara nyingi ni kumtaja tu. Pale ambapo hata hilo halitoshi, kunyamaza na kumshika mkono si utovu wa adabu.

Limebaki la dawa, na hili ndilo linalowashawishi wengi kwa sababu linaonekana la kitaalamu. Largactil na haloperidol, dawa za kutuliza kichaa, zinajulikana. Humtuliza mtu, familia inalala, muuguzi anashukuriwa. Aprili 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya dawa mpya za jamii hiyo baada ya kujumlisha majaribio 17 kwa wagonjwa wa demensia: katika jaribio la kawaida la wiki kumi walikufa asilimia 4.5 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 2.6 ya waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kufika kwenye dawa za zamani, yaani hizihizi zilizo kwenye makabati yetu. Nchini Uingereza Sube Banerjee aliripoti mwaka 2009 kwamba kati ya wagonjwa wa demensia 180,000 waliokuwa wakipewa dawa hizi kwa mwaka, walionufaika hawakuzidi 36,000, na dawa zilichangia vifo 1,800 vya ziada. Wenye aina moja ya demensia, ile inayokuja na kuona watu wasiokuwepo na mwili kukakamaa, haloperidol inaweza kuwagandisha kabisa au kuwaua. Na diazepam, ambayo wengi huiona laini, inamwangusha mzee usiku akienda chooni. Nyonga ikivunjika, safari ya kutoka Kibondo hadi hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma mjini, inaanza, kwa wanaoweza nauli.

Sisemi dawa zisitumike kamwe. Yupo mgonjwa anayetaka kujitupa kisimani, yupo anayemfukuza mkewe na panga, yupo anayeona moto chumbani kila usiku na kutetemeka mpaka alfajiri. Kumnyima huyo dawa ni ukatili. Lakini hata hapo utaratibu unajulikana: mwili umeshapimwa, maumivu yameshatibiwa, dawa nyingine zimeshaangaliwa, familia imeambiwa hatari iliyopo. Kipimo ni kidogo kabisa, cha mtu mzee, si kile cha kijana mwenye kichaa. Anayepewa aangaliwe kama anakakamaa, anasinzia mchana, anashindwa kumeza. Mzee mwenye miaka 60 na zaidi ana dirisha lake hospitalini na sera inasema apite kwanza. Basi arudi kwenye dirisha hilo baada ya wiki mbili, na tena baada ya sita, na siku ileile dawa inapoandikwa iandikwe pia tarehe ya kuipunguza. Ikifika tarehe hiyo bila mtu kukumbuka kwa nini ilianzishwa, anayepaswa kuulizwa kwanza ni mkwe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua usiku unapitaje.